Dumu Safi

Pale chuoni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wakufunzi, wapishi, wanachuo, hata mlinzi wa langoni aliyeajiriwa juzi juzi, wote walimwita Fyekeo. Jina hilo alilipata ujanani, kwa kuwa ulipomwona uliliona kwanza fyekeo, bapa lake lililopindwa mbele na mpini uliong'azwa na jasho, kisha ndipo ukamwona mtu mwenyewe nyuma yake, mrefu, mwembamba, kofia ya kitambaa imemshuka hadi kwenye nyusi. Hakuwa mtu wa maneno. Akisalimiwa aliitikia, akiulizwa alijibu, akiachwa alishukuru.

Majani ya chuo aliyajua kama mtu anavyozijua tabia za wakwe zake. Ya nyuma ya mabweni yalikuwa laini lakini yana haraka ya kuota. Ya kando ya mfereji yalikuwa magumu, tena yanakata, yalitaka kuwahiwa asubuhi yangali na umande. Ya uwanja wa mpira hayakuwa na ubaya wowote isipokuwa wingi wao. Alianzia langoni, akazunguka eneo lote, na aliporudi langoni alikuta ya langoni yameshaota tena.

"Mimi na wewe kazi yetu moja, mama watoto," alizoea kumwambia mkewe. "Wewe unaosha sahani ili zichafuliwe, mimi nakata majani ili yaote."

"Usinifananishe," mkewe alimjibu. "Sahani zangu zikioshwa zinang'aa. Majani yako yakikatwa yanakasirika."

Walikaa katika vyumba viwili vya watumishi nyuma ya jiko la chuo. Watoto wao walikuwa wameshaoa na kuolewa mbali, kila mmoja na shida zake. Kibarazani mke alipanda maua katika makopo ya rangi, na mbele ya kibaraza kulikuwa na kichanja cha vyombo ambacho mumewe hakuthubutu kukigusa. Upande wa vyombo ulikuwa nchi ya mkewe, naye hakuwa na kibali cha kuingia. Mama huyu alilelewa kwa neno moja la mama yake: chombo kikilala kichafu, riziki inalala nje. Kwa hiyo sufuria zake hazikuwa na masizi hata kwa nje, na wageni walipokunywa maji waliweza kujitazama katika kikombe.

Bega la Fyekeo lilianza kuuma kama mzaha. Mara liliuma asubuhi likaacha mchana, mara likauma mchana na usiku likamnyima usingizi. Mkewe alilikanda kwa maji ya moto na chumvi. Shemeji yake alimletea dawa ya kuchua yenye harufu ya kumfukuza nyoka. Daktari wa zahanati akamwambia apumzike, kana kwamba kupumzika kunauzwa dukani. Mwaka ule mvua ilipowahi kuanza, Fyekeo alitambua kwamba mkono wa kulia hauinuki tena kupita sikio. Akawa anakata kwa nusu pigo. Na majani yakishajua umechoka, hayana adabu.

Aliyekuwa akishika stoo na manunuzi ya chuo alikuwa kijana wa viatu vya kung'aa, asiyependa kupita majanini. Watu walimwita Bwana Ugavi. Yeye jawabu lake alikuwa nalo tayari.

"Mzee Fyekeo, usione vibaya, zama zako zimepita," alimwambia siku moja wakiwa mlangoni pa stoo. "Kuna kampuni. Wanakuja watu sita na mashine zao, nusu siku wamemaliza, wanaondoka. Hawaumwi bega, hawana msiba, hawana homa."

"Na nyumba?"

"Nyumba ni ya mtumishi. Ukiwa si mtumishi, hilo swali jijibu mwenyewe."

Siku ile Fyekeo alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alivaa shati lake la kuendea shughuli, akaenda ofisini kwa mkuu wa chuo, mama wa makamo ambaye wote walimwita Madam. Alisimama mlangoni mpaka alipokaribishwa, na alipokaribishwa kuketi hakuketi.

"Madam," alisema, "kazi haijanishinda. Kilichonishinda ni mkono. Nipatieni mashine moja tu, ile ya kuning'iniza kwa mkanda, nami nitaivaa bega la kushoto. Hao sita nitawatosha peke yangu."

Madam alitazama dirishani, ambako majani yalikuwa yamefika magotini.

"Mashine utapata, mzee wangu. Lakini wakaguzi wanakuja mvua zikikatika. Wakikuta majani ya kumficha mbuzi, mimi sitakuwa na neno la kukutetea."

"Watakuta mkeka," Fyekeo alisema.

Mashine ikaja, mpya, imo ndani ya sanduku, rangi yake ya chungwa, bomba lake refu, na mwisho wa bomba kisahani cha meno. Muuzaji aliileta mwenyewe, pamoja na dumu dogo la manjano lenye petroli ambayo tayari alikuwa ameichanganya na oili nyekundu. Alimfundisha Fyekeo taratibu. Bonyeza hiki kijipira mafuta yapande. Sukuma hiki kijiti. Vuta kamba. Mashine ikakohoa mara moja, ikaitika.

Siku hiyo na iliyofuata hazikuwa za kazi, zilikuwa za harusi. Fyekeo alitembea pole pole, kiuno kikizunguka kushoto na kulia, na majani yalilala mbele yake kama watu waliochoka kubishana. Bega la kulia lilining'inia halina la kufanya. Mpishi mkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia mbali, alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Fyekeo! Naona leo umeoa mke wa pili!"

"Huyu hapiki."

"Basi ndiyo maana unacheka. Hajakuunguzia kitu bado!"

Jioni ya pili alirudi nyumbani amejaa vipande vya majani mpaka kwenye ndevu, dumu mkononi likiwa tupu. Mkewe alimpokea mlangoni, akainusa ile mashine kwa mbali.

"Na hilo dude litalala wapi?"

"Chumbani. Nje wataliiba."

"Na mafuta yake?"

"Chumbani vilevile."

Mke alishusha pumzi. "Haya. Ila dumu likiisha, nikabidhi mimi. Silali na uchafu kichwani pangu."

Ikawa hivyo. Dumu likiisha Fyekeo aliliacha kando ya mlango, na asubuhi alilikuta mahali pake, manjano limetakata, kifuniko kimekazwa. Hakuuliza lilifanywaje. Chombo kikiwa mikononi mwa mkewe, kipo mahali salama.

Petroli alikwenda kununua kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye alikuwa na meza ya chupa za petroli njia panda, karibu na kituo cha pikipiki. Kwa hiyo yeye naye watu walimwita Chupa. Alikuwa mtu wa maneno na vicheko, kinyume kabisa cha Fyekeo, na labda kwa sababu hiyo walikuwa wamependana miaka yote hiyo. Fyekeo alipofungua dumu lijazwe alisikia kitu kidogo kikichezacheza ndani, chwa, chwa. Akajua ni masazo. Masazo ya petroli hayamwagwi, yeye si tajiri. Chupa akamimina juu yake.

"Haya shemeji, mnyweshe bibi harusi."

Fyekeo aliichanganya na oili, akatia, akavuta kamba. Mashine ikawaka vizuri kwa yale mafuta ya zamani yaliyobaki katika mpira wake wa mafuta, ikakata kipande cha majani ya mabwenini, kisha ikaanza kugugumia kama mtu aliyepaliwa, ikazima. Akavuta. Ikawaka, ikazima. Akavuta tena na tena, na kila mvuto ulimchoma bega, kwa kuwa kuvuta kamba ni kazi ya mkono wa kulia. Wanachuo walitoa vichwa madirishani.

"Mzee, ibembeleze!"

"Mtoto ana pumu huyo, mpeleke zahanati!"

"Mwambie utamrudisha kwao!"

Fyekeo aliwapa mgongo. Aliifuta kwa kitambaa, akaiacha ipumzike, akajaribu tena mchana, akajaribu jioni. Ilimpa pumzi mbili tatu tu, ikanyamaza. Ndani ya juma hilo mvua ilinyesha kila siku, na majani ya langoni yakawa magotini upya.

Akaibeba begani mpaka kwa fundi wa pikipiki. Fundi alifungua tangi, akamimina mafuta yote katika chupa nyeupe ya kioo, akaiinua juani. Juu kulikuwa na petroli nyekundu kwa ile oili. Chini, peke yake, kimejitenga kabisa, kulikuwa na kitu cheupe kinachometa kama jicho la samaki.

"Mzee," fundi alisema, "hii mashine unainywesha maji?"

"Maji?"

"Hayo hapo. Umenunua wapi?"

Fyekeo aliikazia macho ile chupa ya kioo.

"Popote uliponunua, hukununua petroli. Umenunua maji yaliyopita karibu na petroli." Fundi akacheka kwa kuupenda usemi wake mwenyewe. Kisha akasafisha kabureta, akakausha plagi, akatia mafuta yake kidogo, akavuta. Mashine ikanguruma mpaka kuku wa jirani wakakimbia.

Njia nzima Fyekeo alikuwa na jambo moja tu kichwani, nalo lilizidi kuvimba kadiri alivyotembea. Alipofika njia panda, waendesha pikipiki walikuwa wameizunguka meza ya shemeji yake. Mtu mwingine angesubiri, angemwita pembeni. Lakini mtu mkimya akishafungua kinywa, hana mazoea ya kuchagua mahali.

"Wewe ni mwizi," alisema.

Chupa aligeuka akicheka. "Shemeji, umekunywa nini mchana huu?"

"Mimi sijanywa. Iliyokunywa ni mashine yangu. Imekunywa maji yako."

"Maji gani?"

"Unatia maji kwenye petroli. Unaniuzia mimi! Unaona bega langu, unajua nyumba anayolala dada yako inategemea nini, halafu unanitilia maji!"

Kicheko kikaisha. Mwendesha pikipiki mmoja alikuwa ameshika chupa akitaka kuimimina tangini mwake. Aliirudisha mezani taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichokuta si chake. Mwingine akawasha akaondoka bila kuaga.

Chupa aliona. Aliitwaa glasi yake ya chai, akaimwaga, akaifuta kwa shati lake kavu, akaijaza petroli kutoka mezani, akaiinua. Ilikuwa safi tangu juu hadi chini.

"Tazama! Yako wapi hayo maji?"

"Hiyo ni ya kuoneshea watu."

Chupa aliiweka glasi chini. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa na utani. "Nenda, shemeji," alisema. "Siku utakayoujua ukweli usije na hotuba ndefu. Njoo tu."

Habari mbaya haina miguu lakini haichelewi. Fyekeo alipofika nyumbani mkewe alikuwa ameshajua.

"Umemwita kaka yangu mwizi mbele za watu."

"Nimemwita alivyo."

"Kaka yangu aliyekuja na dawa ya bega lako?"

"Fundi amenionesha maji, mama watoto. Nimeyaona kwa macho yangu."

Mke alimpita. Aliketi mbele ya kichanja, akavuta vyombo, akaviosha kimya kimya, na ukimya wake ulikuwa na kelele kuliko mashine. Mwisho alilichukua dumu. Alitia maji ya moto, sabuni na mchanga kidogo, akalitikisa mpaka mikono ikachoka.

"Ngoja nilisugue vizuri," alisema bila kumtazama mtu, "litoke huo wizi wa kaka yangu."

Kuanzia hapo Fyekeo alinunua petroli katika kituo kikubwa cha barabarani, safari ndefu ya kwenda na kurudi. Mhudumu aliyevaa sare alimjazia dumu, naye alisikia masazo yakicheza chini, chwa, kabla ya mafuta kuyafunika. Alirudi na moyo mwepesi. Siku za wakaguzi zilikuwa zimekaribia, lakini kwa mashine iliyo hai angeweza kumaliza yote. Alianzia langoni, mahali ambapo kila anayeingia ataona kwanza. Akakata. Akafika kwenye mti wa kwanza wa barabara ya ofisini. Mashine ikagugumia, ikazima.

Hakuamini. Akavuta kamba, akavuta, akavuta, mpaka mkono ukakataa kabisa ukabaki unaning'inia. Bwana Ugavi alikuwa amesimama kwenye ngazi za ofisi, mikono mfukoni.

"Vipi, mzee? Wale sita umeshawatosha?"

Safari hii fundi hakucheka sana. Alimimina mafuta katika kioo, wakayatazama wote wawili. Jicho la samaki lilikuwa pale pale chini.

"Hata kituoni wanatia maji?" Fyekeo aliuliza.

"Wanakotia mimi sikujui. Ninachojua yamo. Na safari hii yamelala ndani, kabureta imeshika kutu na chujio limeoza." Fundi alikuna kichwa. "Ebu niambie, dumu lako likoje? Ni safi?"

Lilikuwa swali la kweli, pengine la pekee la maana aliloulizwa tangu mashine ilipoingia chuoni. Lakini Fyekeo alilichukua kama tusi.

"Dumu langu? Kijana, dumu langu ni safi kuliko sahani unayolia chakula."

"Basi yaishe, mzee, sikusudii ubaya." Fundi akafuta mikono. "Kabureta hii ibadilishwe. Hapa haipo, ni ya kuagizwa."

"Itachukua muda gani?"

"Itachukua muda."

Fyekeo aliirudisha mashine stoo, akalitoa fyekeo lake la zamani nyuma ya mlango. Mpini ulimjua. Alianza alfajiri kando ya mfereji, akishika kwa mikono yote miwili kama mtu anayechota maji kisimani. Siku ya kwanza alikata kipande cha kutosha kulaza mkeka wa watu wanne. Siku ya pili, alipoinua, bega lilitoa mlio mdogo kama kijiti kinachovunjwa, na fyekeo likamponyoka. Madam alimkuta ameketi katikati ya majani, kofia mapajani, hata hakujaribu kusimama.

"Mzee wangu," alisema.

"Nisamehe, Madam. Nilisema watakuta mkeka."

Madam alichuchumaa ili wawe sawa kwa macho, jambo ambalo Fyekeo hakulisahau. Lakini kuchuchumaa si kutetea. Kesho yake kampuni ikaja. Watu sita walishuka garini na mashine zao, wakazivuta kamba, zikaitika zote kwa pamoja. Fyekeo aliwaonesha mahali penye mawe yaliyojificha majanini, wasije wakavunja visahani vyao. Ilipofika saa ya chakula walikuwa wamemaliza. Wakaguzi walikuja, wakasifu mazingira, wakaondoka.

Alipoitwa ofisini aliambiwa kwa maneno ya upole. Amefanya kazi kwa uaminifu, chuo kinamshukuru, mwezi ukiisha nyumba itahitajika. Bwana Ugavi hakuwapo, au alikuwapo akajificha. Fyekeo alishukuru. Ilikuwa tabia yake kushukuru akiachwa.

Mkewe hakulia. Alianza kufunga vitu. Alifunga nguo, akafunga sufuria moja ndani ya nyingine, akaanza kuosha vilivyobaki, kwa kuwa hangeweza kuhama na uchafu. Jua la jioni lilikuwa linapiga kibarazani. Fyekeo alikuwa ameketi kizingitini, mkono wa kulia umefungwa kwa kanga ya mkewe, na kwa kuwa hakuwa na kazi yoyote duniani, alimtazama akiosha.

Aliona mkewe akilitwaa lile dumu la manjano. Akatia maji na sabuni. Akatikisa. Akamwaga. Akatia maji mengine, akatikisa, akamwaga. Kisha akalipindua kichwa chini juu ya kichanja, kati ya sufuria na vikombe, akaliacha lichuruzike. Lilipoacha kudondoka alilitwaa, akalifuta nje kwa kitambaa mpaka likang'aa, akakaza kifuniko, akaliweka kando ya mlango, pale pale Fyekeo alipozoea kulichukua.

"Hilo tayari," akasema, akaingia ndani.

Fyekeo alinyoosha mkono wa kushoto akaliinua. Ndani yake kitu kidogo kikacheza. Chwa, chwa.

Alilifungua, akalipindua. Halikutoka tone. Akalirudisha, akalitikisa, likacheza tena. Ndipo akalilaza ubavu, pole pole, akaliinamisha kuelekea upande wa mkono wa dumu, na yale maji, ambayo yalikuwa yamejificha begani mwa dumu nyuma ya shingo na ndani ya mkono wake ulio wazi kama bomba, yakaja. Yalijaa kiganja. Yakafurika. Yakaendelea kutiririka kati ya vidole vyake mpaka yakalowesha kizingiti.

Masazo. Alikuwa ameyabeba mwenyewe hadi kwa shemeji, akayabeba hadi kituoni, akayalinda yasimwagike.

"Nini?" mkewe aliuliza, amerudi na ndoo. Aliona kiganja kinadondoka maji. "Limebaki na uchafu?"

Alikuwa amesimama na jua usoni, nywele zimemtoka kwenye kitambaa, mikono imejikunja ngozi kwa kuosha. Fyekeo alimtazama. Katika maisha yao yote mwanamke huyu hakuwahi kumharibia kitu.

"Hapana," alisema. "Ni safi."

"Nikuambie nini tena. Mimi na dumu hilo!" Akapita na ndoo yake.

Pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu. Chupa alikuwa na chumba cha uani, na wote wawili walijua, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukitaja. Kesho yake Fyekeo alikwenda njia panda peke yake. Meza ilikuwa pale pale, chupa zimejipanga, na Chupa nyuma yake amekaa anang'oa uzi katika shati. Waendesha pikipiki hawakuwapo. Walikuwa upande wa pili wa barabara, kwenye meza mpya ya mtu mwingine.

"Nimekuja," Fyekeo alisema.

"Naona."

"Maji niliyatia mimi. Niliacha dumu wazi mvuani. Sikujua."

Chupa aliuacha uzi wa shati. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. "Wewe? Fyekeo? Mtu anayefunga kofia yake kwenye mfuko akilala? Uliacha dumu wazi?"

"Niliacha."

"Mvuani?"

"Mvuani."

Chupa alicheka mpaka akafuta macho, na hakujulikana alichokuwa anafuta. "Nilikuambia usije na hotuba," alisema mwisho. "Chumba kina popo. Mwambie dada yangu aje na ufagio."

Wakahama. Mashine ilibaki stoo kwa Bwana Ugavi, imerudishwa ndani ya sanduku lake. Kabureta iliyoagizwa haikufika, au ilifika na hapakuwa na wa kuiulizia.

Mke alipoisikia hadithi ya dumu na mvua, alikaa nayo siku nzima, ndipo ikatoka.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema. "Ukamtukana kaka yangu, ukatutoa nyumbani, kumbe ni wewe na uzembe wako. Dumu ninaloliosha kila siku kwa mikono yangu! Ungenipa tu nilifunike mimi, lisingeingia hata tone."

"Kweli, mama watoto."

"Kweli, kweli! Sasa ndiyo unasema kweli."

Alimnunia kwa muda, kisha akaacha, kama watu wanavyoacha vitu ambavyo haviwezi kurekebishwa. Kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa bure, na kwa kuwa alitaka kumlipa kaka yake wema, alizichukua chupa zote za mezani na madumu yote ya uani, akaanza kuyaosha. Hajapata kuona vyombo vichafu vya namna ile, alisema. Riziki ingekuja vipi?

Kila asubuhi, kabla hajaamka mtu, Fyekeo hutoka uani. Huinua chupa moja moja kwa mkono wa kushoto, hutikisa, husikiliza, huilaza ubavu mpaka tone la mwisho litoke, kisha huifuta ndani kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Madumu huyaweka jua litakapopita. Shemeji yake akimwuliza anafanya nini, husema anajizoeza kutumia mkono wa kushoto. Kisha huzipanga chupa mezani, safi, kavu, petroli tupu isiyo na kasoro, na hukaa na shemeji yake nyuma ya meza siku nzima wakitazama pikipiki zinavyojipanga upande wa pili wa barabara. Waliolisikia neno mwizi hawakuwapo siku aliposema lile la pili, kwamba maji aliyatia yeye.